Nyuki Wasiokuwamo Ukutani

Nyarugusu,
Jumatano.

Mdogo wangu mpendwa Petro,

Nataraji kwamba wewe na watoto mmeamka salama, na kwamba miguu ya Mama haimsumbui kama wakati wa masika. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio unaochemka.

Sitakuja Jumamosi. Ng'ombe wa mahari ya Yustina wataingia zizini nami nikiwa huku, kwa sababu ya saa.

Msimamizi wetu wa mgodi alileta ofisini saa ya umeme isiyo na mishale. Tarakimu zake huwaka rangi ya kaa la moto ndani ya vichupa vya kioo. Aliiweka rafuni, ikiegemea ukuta wa nyuma. Hakutuambia kwamba ina sauti. Jenereta ikiwashwa, saa hiyo huvuma mfululizo, na tarakimu zikibadilika husikika mchakacho, kana kwamba kuna kitu kinatambaa.

Nyuma ya ukuta huo hupumzika wapondaji wa mawe. Kiongozi wao, Masanja, ni mrina asali wa Bukombe. Juzi mchana alitega sikio ukutani, akaniita; huku karani kama mimi huitwa Mwalimu.

"Mwalimu, humu mna nyuki. Tena wametulia. Wana asali."

"Hiyo ni saa, Masanja."

Wenzake wakaangua kicheko. "Saa husema ka, ka, ka! Hii yako imeolewa na mzinga?"

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Mzee anataka kurina peke yake."

Niliwakataza wasiguse ukuta, nikaenda kula. Niliporudi, ofisi ilikuwa imejaa moshi. Walikuwa wametoboa matofali ya udongo kwa sururu na kuingiza kienge cha nyasi. Rafu ilikuwa chini. Mezani pangu walikuwa wameweka bakuli safi, kwani kwao mkubwa ndiye aonjaye kwanza. Masanja alisimama kando yake, uso umejaa masizi, na saa ikiendelea kuvuma sakafuni, tarakimu zake zimezimika.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Niliitikia marahaba, kwa kuwa salamu haina kosa.

Msimamizi amenifutia ruhusa mpaka ukuta ujengwe na fundi wa saa afike kutoka Mwanza. Nilimweleza habari za binti yangu. Akajibu kwamba mambo ya zizini hayaihusu ofisi. Petro, nilitoka nje nisije nikamjibu.

Wakwe wakiuliza nilipo, usitaje saa. Watadhani nawafanyia mzaha. Sema kazi imenizuia. Wakague ng'ombe wewe mwenyewe, kabla ya pombe, si baada yake. Vaa koti langu lililomo sandukuni.

Nisalimie Mama, umwambie sijamdharau mjukuu wake. Msalimie shemeji atakayewapikia wageni, na katekista atakayefungua kwa sala. Mke wangu mpe pole. Najua atanuna, na ana haki.

Jambo la mwisho. Yustina atakapoulizwa kama ng'ombe wapokewe, atamtafuta baba yake kwa macho kabla ya kujibu. Usikae nyuma. Kaa mahali atakapokuona.

Ni mimi kaka yako,
Baba Yustina