Mkesha Ambao Marehemu Aliitikia Amina

Pesé, Herrera,
Panama.
23 Mei 2019

Mpendwa mpwa wangu Aristides,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko Montreal? Natumaini kifua hakikusumbui na kwamba unavaa soksi. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayanitii tangu nilipostaafu ualimu. Mvua zimeanza, miwa imesimama vizuri, na ng'ombe wa jirani yetu Toribio bado wanaingia shambani kwetu bila aibu, kama yeye mwenyewe anavyoingia jikoni.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Umeandika kwamba umebakiwa na likizo moja tu mwaka huu, na kwamba unaitunza kwa ajili ya mazishi ya baba yako. Nitalijibu hilo, lakini kwanza nikueleze hali yake.

Unajua kwamba saratani imeingia mifupani. Tangu Januari alikuwa hakai wala halali. Dawa ya kutuliza maumivu makali kama hayo ilipatikana mji mkuu tu, nusu siku kwa basi. Dada yako Nereida aliifuata mara mbili. Mara ya kwanza cheti cha daktari kilikosa muhuri. Mara ya pili muhuri ulikuwapo, dawa ikawa imekwisha. Aliporudi, baba yako alimtazama akasema, "Mwanangu, naona mgonjwa sasa ni wewe. Njoo ulale hapa, nitasogea."

Mwaka huu mambo yamebadilika. Serikali imeamua kwamba huduma hii isikae mjini peke yake kama bibi harusi, bali ifike hadi vituo vidogo vya afya. Kituo chetu kimepata daktari na muuguzi waliofunzwa kazi hiyo, na dawa sasa iko kabatini, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Muuguzi, Yaritza Batista, anakuja nyumbani kila Jumanne.

Siku yake ya kwanza ndipo ilipotokea aibu. Aliomba meza, shuka jeupe na bilauri ya maji, apange vifaa vyake na aone kama mgonjwa anameza vizuri. Nereida akaviandaa sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria. Hakuna aliyefikiri. Bibi Petronila, anayeongoza sala za misiba mtaani, akapita karibu na dirisha akaona meza, shuka jeupe na bilauri ya maji. Wewe ni mtoto wa hapa. Hiyo ni madhabahu ya novena, zile sala za siku tisa za msiba, na maji ni ya roho ya marehemu kunywa kabla ya safari.

Saa moja haikuisha, ua ukajaa watu. Viti vililetwa kutoka kanisani. Toribio alichinja kuku watatu, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu aliye hai. Wanaume wakaanza kucheza dhumna. Sisi tuliokuwa chumbani hatukujua lolote, kwa kuwa tulikuwa tukibishana na baba yako, aliyekataa kabisa kunywa mofini, dawa yenyewe ya maumivu. Alisema hiyo ni dawa ya kumalizia watu, na kwamba akiinywa leo atazikwa kesho.

"Mzee," muuguzi akamwambia, "ningetaka kukuua nisingepanda kilima chote kile na mkoba huu."

Hapo ndipo tuliposikia sauti ya Petronila sebuleni: "Raha ya milele umpe, ee Bwana, mtumishi wako Belisario."

Baba yako akaitikia kutoka kitandani, "Amina. Kwani nani amekufa?"

Sala ikakatika. Kisha Petronila akajibu, "Ni wewe, Belisario. Tulia."

Muuguzi alikaa chini akacheka mpaka akafuta machozi. "Umesikia, Mzee? Bila dawa umeshazikwa. Onja hii tuone kama utakufa mara ya pili."

Akanywa. Baada ya saa moja akaniomba fimbo, akatoka chumbani kwa miguu yake mwenyewe, mara ya kwanza tangu Januari. Wanawake wawili walikimbia. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya dhumna.

"Toribio, kumbe unafuga kuku. Miaka arobaini kwako nala mihogo mitupu."

"Nilijua leo huli," Toribio akasema. "Ndiyo maana nikachinja."

Muuguzi hakuwaacha wale watu waondoke hivi hivi na supu tumboni. Aliwaambia, "Mmekuja kumzika, sasa mtunzeni. Kazi ni ileile, ila huyu anajibu." Akawapanga kama tunavyopanga msaragambo wa kuvuna mpunga: nani atamgeuza, nani atamwogesha, nani atakaa naye ili Nereida apate usingizi. Dawa za mchana alipewa Petronila, kwa kuwa hakuna anayetunza saa kama yeye. Humnywesha kwa ishara ya msalaba. Baba yako husema, "Huyu amengoja miaka kumi nife, na sasa ndiye anayenichelewesha."

Sitakudanganya, mwanangu. Hatapona. Aliuliza mwenyewe, na daktari akamjibu bila kuzunguka: huenda akauona mwisho wa mvua hizi, huenda asiuone. Lakini analala, anakula, anatukana watu kwa ufasaha.

Kwa hiyo, kuhusu likizo yako: mazishi tutayaweza bila wewe, tumekwisha kuyafanyia mazoezi. Tusichoweza ni kukaa na baba yako kwa niaba yako.

Nilimsomea barua yako. Akasema, "Mwandikie aje nikiwa bado nina maneno. Akija nimenyamaza, simfungulii mlango."

Msalimie sana mkeo Solange na binti yetu Ignacia. Nereida, Toribio na Petronila wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, maana nakuhesabu kuwa umekwisha kuondoka.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na kukungoja,

Hermelinda Cedeño