Mashine ya Kupukuchua Mahindi

Mjukuu wangu Minza,

Huku Shinyanga hatujambo. Bibi yako ametolewa bandeji ya jicho na anaona vizuri, tumepumua. Unasema wenye maduka huko Dar wanakusikiliza ukieleza programu yako ya kompyuta, kisha hawanunui. Hata mimi yalinikuta.

Nikiwa kijana, miaka ya sabini, tajiri wangu mjini alinituma kwa baiskeli mnadani Tinde kuuza mashine za mkono za kupukuchua mahindi. Mnada wa kwanza nilirudi nazo zote. Akaniambia, "Zikirudi tena, kazi huna."

Mnada uliofuata nilieleza ubora wa meno ya mashine na chuma chake mpaka sauti ikakauka. Watu wakaondoka. Akabaki Mama Kabula, mkulima wa pale, na kapu lake la mahindi.

"Mwanangu, umesema sana," akaniambia. "Mimi vidole vinaniuma kwa kupukuchua. Hiki chuma kitanisaidia?"

Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote shida yake. Nikamwachia mpini azungushe mwenyewe. Punje zikamwagika, gunzi likatoka tupu. Akacheka, akawaita wenzake, "Njooni muone!" Wakaja na mahindi yao, wakajaribu, mimi nikijibu tu walichouliza.

Programu yako siijui, mama. Ila mwenye duka muulize kwanza kazi gani inamchosha, kisha mpishe abonyeze mwenyewe.

Jioni ile nilirudi Shinyanga na baiskeli tupu, nikiimba njia nzima.

Ni mimi babu yako,
Masanja