Kwa Kiswidi Ni Kusin

Rågsved, 11 Februari 2024

Kaka Akili mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Mgongo umepona? Sisi tunaendelea, ila moyo unamsumbua Baba tena. Akipanda ngazi za stesheni anasimama mara tatu na kusingizia anasoma matangazo. Mama anakusalimu. Kanisani bado anawaambia watu kwamba mimi "nasomea uhalifu", na wamama wanashika pochi zao nikikaa karibu.

Nina jambo. Juni namaliza kriminolojia. Miaka mitatu, na mkopo nitakaoulipa mpaka niote mvi, na sasa mwalimu anasema bila shahada ya pili kazi ni za kubahatisha. Onesphore, niliyesoma naye, aliyekwenda kiwandani Södertälje ameshanunua nyumba. Lakini ofisi moja ya serikali inatafuta mtu wa utafiti wa magereza, na shahada yangu moja inawatosha. Nimeitwa. Fomu yao inauliza syskon, kaka na dada, na kama kuna aliyefungwa. Niandike nini? Masomo haya niliyachagua kwa sababu yako.

Dada yako mdogo,
Nicole

Gerezani, 20 Februari 2024

Dada Nicole, kipenzi,

Amani kwako. Mimi mzima, mgongo unalalamika, lakini hapa nani halalamiki? Nimecheka peke yangu: nyumba moja, mmoja anasomea uhalifu, mwenzake ameshahitimu, tena bila mkopo.

Fomu isikunyime usingizi. Marehemu baba yangu na Baba Mwamba ni mtu na mdogo wake, na kwetu mtoto wa baba mkubwa ni kaka, basi. Mama Léontine alinilea tangu nina miaka mitatu, sijui mama mwingine. Lakini Waswidi wana jina lao: kusin. Hata karatasi zao zinasema hivyo. Wakiuliza syskon, wewe huna. Si uongo. Usipoteze miaka mitatu kwa ajili ya neno.

Kaka yako,
Akili

Rågsved, 3 Juni 2024

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi wazima, Baba hivyo hivyo.

Nimepata kazi. Kwenye syskon niliandika "hakuna". Rebecka, mama aliyenisaili, akauliza kuhusu mfungwa mmoja kwenye rejesta yao, Akili, mwenye jina letu la ukoo. Nikajibu: kusin, tena wa mbali. Hilo la "wa mbali" hukunituma. Lilinitoka tu, nikatia saini. Nimeona haya tangu siku ile. Nisamehe.

Dada yako,
Nicole

Gerezani, 14 Novemba 2024

Nicole, dada yangu,

Mchungaji wa hapa ndiye aliyeniletea habari. Baba ametuacha. Pole, na mimi nipe pole. Nimekupigia mara mbili, hukushika.

Nimeomba ruhusa ya kwenda mazishini tarehe 30. Wanasema ruhusa ni kwa mzazi, na kwa karatasi zao Baba hakuwa mzazi wangu. Wanataka mtu wa nyumbani aandike na kutia saini kwamba Baba ndiye aliyenilea, na kwamba mimi ni kaka yako. Mama hawezi kuandika Kiswidi. Ni wewe tu. Iwafikie kabla ya tarehe 25. Nataka kutupa udongo kaburini, nirudi.

Kaka yako,
Akili

Rågsved, 4 Desemba 2024

Kaka,

Leo sijui nikusalimu vipi. Ile barua niliiandika. Niliiandika mara nne. Kila nikifika pa kutia saini namwona Rebecka akiziweka pamoja, fomu na barua. Nikawa najiambia kesho, kesho, mpaka tarehe 25 ikapita.

Mazishini walisoma majina ya watoto wa marehemu: Akili na Nicole. Watu wakageuka kukutafuta. Nilimwambia Mama kwamba gereza limekataa. Niruhusu nije Jumamosi, unitukane uso kwa uso.

Dada yako,
Nicole

Gerezani, 12 Desemba 2024

Nicole,

Mimi mzima. Usije. Nimewaomba waliondoe jina lako kwenye orodha ya wageni, kazini wasije wakakuuliza unamtembelea nani. Neno lile nilikupa mimi, kwa hiyo sina kesi na wewe. Ila Mama umwambie ukweli. Na uhakikishe anakula.

Akili

Rågsved, 9 Machi 2025

Kaka Akili,

Hujambo? Mgongo je? Hii ni barua ya tatu tangu Krismasi, na bado kimya. Mama anakula. Nilimwambia ukweli, na tangu siku hiyo ananisemesha Kiswidi, kile kidogo anachokijua.

Kazini wamenipa utafiti wangu wa kwanza: kuhesabu wafungwa wanaotembelewa na ndugu, na kuona wangapi wakitoka hawarudi. Majina hatupewi, ni umri, gereza na nchi ya kuzaliwa. Juzi kwenye orodha nilifika gereza lenu. Mwanamume, miaka ishirini na saba, Kongo. Ndugu: hakuna. Wageni: hakuna.

Nilikaa nikiutazama mstari ule mpaka wenzangu wakaenda kula. Kisha nikakuhesabu, kaka, pamoja na wale wasio na mtu.

Dada yako,
Nicole