Mama Seline Haingii Peke Yake

Kwa Mzee Ogola,
Nyamasaria,
Kisumu.
16 Agosti, 1964

Mpendwa wifi Apiyo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, zenye tope kidogo kwa sababu Kano yote bado ni tope. Je, joto la Mombasa mmelizoea? Yule mtoto aliyekuwa akikohoa amepona? Sisi huku tu wazima. Mzee anaumwa goti na hataki kuulizwa habari zake. Kaka yako Oduor anazidi kunenepa, sijui kwa chakula gani, maana shamba halijatupa kitu.

Ile habari uliyoisikia ni ya kweli. Tunahama. Mto umeingia shambani tena, mahindi yameoza yakiwa yamesimama, na watu wa ukoo wenu wamempa Mzee ardhi Shirati, ng'ambo ya mpaka. Sisi na mizigo tutapanda meli Kisumu. Ng'ombe watakwenda kwa miguu kupitia Kisii, pamoja na kaka yako na binamu zake.

Wifi, ungemwona mama yako. Nilidhani namjua, kumbe nilimjua juu juu. Mbegu za mtama amezitia vibuyuni na kuziba midomo kwa mavi ya ng'ombe. Kuku amewazoeza kulala ndani ya matenga, ili siku ya safari wasidhani wameibwa. Amenunua omena, dagaa wa ziwani, huko Dunga akazianika upya, kwa sababu haamini jua la watu wengine. Kila mtoto amepewa kitu chake cha kubeba, na yule mdogo kabisa amepewa mwiko, anazunguka nao kutwa kama askari. Nikisimama kidogo kumtazama, ananiita binti wa Wabukusu, kama kawaida yake: "Nyar Bukusu, macho haibebi mzigo."

Ng'ombe ndio waliotushinda. Kaka yako aliamua kuwazoeza kutembea barabarani. Aliwatoa asubuhi kwa fimbo na makelele, na walipofika kwenye lami lori la miwa likapiga honi. Wakatawanyika, na kaka yako akatawanyika nao. Wote walirudi mbio hadi mlangoni kwa mama yako mdogo, Mama Milka, maana yeye ndiye anayewakamua na hawajui sauti nyingine. Tulicheka, lakini si sana, kwa kuwa Mama Milka alikuwa amekwisha kusema kwamba yeye haendi.

Sababu unaijua. Kaburi la mwanawe Oketch liko nyuma ya nyumba yake, naye hakujaliwa mtoto mwingine. "Nitamwachia nani?" ndilo neno lake tu. Mzee alikasirika, akasema asiyetaka kwenda abaki. Nawe desturi yenu unaijua kuliko mimi: mke asiyekuwapo siku mume anapoingia boma jipya na jogoo na shoka, hana nyumba humo. Angebaki hapa katikati ya maji, mke wa mtu asiye na mlango popote. Nilimwonea huruma sana, lakini mimi mke wa mwana ningesema nini?

Mama yako hakumbembeleza. Jumapili iliyopita baada ya kanisa, tukiwa tunakula, alimwambia Mzee kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi, "Milka asipoingia, na mimi siingii. Wewe enda na jogoo yako. Mtalala nayo nyinyi wawili."

Mzee akaweka tonge chini. "Seline, wewe ndio mke ya kwanza. Nyumba yako isipojengwa mbele, hii dala, hii boma yetu, itasimama namna gani?"

"Hiyo ndiyo mimi nakuuliza," Mama akajibu, akaendelea kula.

Wifi, angeweza kunyamaza. Angebaki na mume na ng'ombe peke yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Watu husema mke mwenza ni uchungu, lakini mimi nimemwona mmoja akikataa nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya mwenzake. Nilijivunia kuolewa nyumbani mwake, na sioni haya kukuambia. Mama Milka alikuwa pale pale akigawa mboga. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba yake mpaka jioni, na hakuna aliyemfuata.

Kesho yake asubuhi tulisikia sauti yake barabarani. Yeye mbele, ng'ombe nyuma, malori yanapita na hakuna ng'ombe aliyegeuza kichwa. Jana walifika Rabuor na kurudi. Kaka yako huwa nyuma kabisa, amebeba fimbo isiyo na kazi. Mama Milka atatembea nao hadi Shirati, na Mama amesema atamngoja nje ya boma, hata kama Mzee atanuna juma zima, ndipo waingie.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote. Mzee anakusalimu, na Mama anasema uwe unakula. Mungu awafunike huko mliko, na sisi atufikishe salama.

Mama Milka amekaa hapa kando yangu ninapoandika. Ameniomba nikuwekee neno lake, nami naliandika kama alivyolisema: "Apiyo akikuja Krismasi, asipande meli haraka. Apite hapa kwanza, aambie Oketch tumeenda Shirati, asitutafute."

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Maximilla