Vipepeo wa Ugogo

Mkoani, Pemba
4 Machi 1960

Kwako ndugu yangu Silima,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na Bi Mwanamize hamjambo. Mimi miguu imejaa maji, na daktari hanifichi tena. Kabla sijafa nataka radhi yako.

Unawakumbuka wale vipepeo wadogo wa rangi ya nyasi kavu, wanaoruka kwa kushtuka kama waliotupwa? Ulikuwa ukiwakamata huko Ugogo kwa ajili ya Bwana wa makumbusho. Ulimkunja kila mmoja katika karatasi yake, juu ukaandika mahali na siku, ukaniletea mimi mwalimu niyanakili maandishi yako kwa Kiingereza. Masika ya 1949 niliwaacha dirishani pamoja na wangu wa hapa Pemba. Mvua ikaingia, wino ukafutika. Niliona haya kukwambia, nikabuni mahali na siku. Bwana akaniuliza vipi kipepeo wa nchi kame aonekane kisiwani, kwenye mikarafuu na mvua. Nikamjibu kwamba wewe ndiwe uliyeandika hivyo.

Ulifukuzwa kazi kwa uongo wangu.

Nduguyo wa kunyonya,
Zahran

Dodoma
29 Machi 1960

Kwa Mwalimu Zahran,

Waalaykum salaam. Sisi wazima.

Miaka kumi na moja naitwa Silima Muongo. Mwanamize tukigombana hunitupia jina hilo. Mama, aliyetunyonyesha sote wawili, alituma mtu aniulize nilidanganya nini. Akafa sijapata la kumjibu. Nawe ulikuwa papo hapo, ukibeba jeneza lake.

Radhi haitoki kwa barua ya siri. Mwandikie Bwana, kwa mkono wako, uniletee nakala.

Silima

Mkoani, Pemba
20 Aprili 1960

Ndugu yangu Silima,

Salamu nyingi. Hali ni mbaya kuliko nilipokuandikia mwanzo.

Nakala hii hapa. Binti yangu Fakhriya alinishika kiwiko nikiandika. Kwanza niliandika "nilikosea," nikaichana. Sasa imesema: "Nilidanganya. Silima aliandika kweli." Fakhriya aliisoma. Alifunga bahasha, akavaa buibui, akaenda posta.

Kila meli ikitia nanga namuuliza kama kuna barua. Pumzi zinakatika. Neno moja litanitosha.

Nduguyo,
Zahran

Dodoma
11 Juni 1960

Ndugu yangu Zahran,

Sijui nikujulie hali vipi. Simu ya maandishi ya Fakhriya imefika leo asubuhi: umezikwa jana.

Barua yako niliipata tarehe sita Mei. Nilikuwia radhi palepale, kabla sijaikunja. Mwanamize akaniambia, "Basi mwandikie, Silima. Mtu yuko katika kukata roho." Nikamjibu, "Na angoje kidogo. Mimi nimengoja miaka kumi na moja." Nikaitia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, nikaendelea kushona. Nilijua unaulizia meli. Kujua huko kulinipendeza, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimemwomba Fakhriya akusomee barua hii kaburini. Nimekuwia radhi, ndugu yangu, kwa yote.

Radhi yangu mimi, ya siku thelathini na sita, nimwombe nani?

Nduguyo wa kunyonya,
Silima