Alama ya Kipeuo Imenishinda, Issa

Mpwa wangu Issa,

Tangu tulipokulaza kaburini pale Mkunya, kuanzia Newala hadi Masasi mtu akisema "Injinia" bila kutaja jina, ujue kanisema mimi. Magari ya wakubwa wa wilaya yakifika mbele ya steshenari yako hupunguza mwendo. Wengine wanasema ni kwa sababu ya tuta. Waache.

Mama yako hajambo, ni ule mguu tu. Shadya wako ameota meno mawili ya mbele na anang'ata kila anayembeba. Mama Shadya anafungua duka asubuhi, anafagia, anaweka chupa ya chai upande wako wa meza. Hakuna anayeigusa mpaka ipoe. Basi, hilo niliache.

Mimi ndiye niliyesema kaburini, watu wote wakisikia, kwamba duka la Issa halitafungwa. Kwetu mpwa ndiye humrithi mjomba. Nilikupeleka jandoni mwenyewe ili siku moja ukae kwenye kiti changu. Sasa mimi ndiye nimekaa kwenye kiti chako. Kinazunguka. Sikipendi.

Balaa lilianza na panya, wakala waya wa kibodi yako. Usiniulize panya walifuata nini steshenari. Sawa, niliweka magunia ya korosho nyuma ya printa, nikingoja bei ipande. Nikaenda Masasi nikaleta kibodi mpya inayong'aa, nikaichomeka mwenyewe mbele ya mashahidi. Herufi zote zikatoka. Nilipiga na picha.

Ndipo akaingia Mwalimu Rwegasira, yule Mhaya wa hesabu, na mtihani wake wa kidato cha pili. Wewe ulikuwa unashika kitufe chenye dirisha, unagusa na kile kidogo kati ya Shift na Z, alama ya kipeuo inaruka yenyewe kwenye kioo. Uliyapanga mambo hayo mwenyewe humo ndani ya ile Linux yako inayoendesha kompyuta, ukanicheka: "Njomba, hapa hata wewe hukosei."

Nikashika dirisha. Nikatafuta kile kidogo. Issa, hakipo! Kwenye kibodi hii mpya Shift imejinyoosha mpaka kwa Z, imekula kiwanja cha jirani. Sasa mtu anabonyezaje kitufe ambacho hakikuzaliwa?

Mwalimu amesimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Mwalimu, hii naimaliza kabla hujafuta viatu vumbi." Nikaingia kwenye mipangilio, nikazikuta njia zako za mkato zote zimepangana, kila moja umeipa jina. Kipeuo. Digrii. Kugawanya. Na moja umeiita "Njomba akikwama".

Nilikaa nikiitazama hiyo. Ulikuwa umeniwekea nini humo? Nayo ilitaka kitufe kilekile.

Nikasema basi, nitaifundisha mashine kitufe kingine cha kipeuo. Nikabonyeza alama ya kujumlisha, ikaandika Shift na alama ya sawasawa, kama mtu uliyemtuma chumvi akaleta sukari. Nikijaribu kuita kipeuo, kimya. Nikakasirika, nikabonyeza a. Peke yake. Hiyo ikakubali mara moja, tena bila maswali.

Kuanzia hapo kila nikiandika a, kinatoka kipeuo. Jaribu kuandika Kiswahili bila a, mpwa wangu. Tangazo la arobaini ya mzee mmoja wa Chilangala lilitoka kama mtihani wa chuo kikuu. Marehemu wa watu!

Nikatafuta pa kufuta kosa langu. Nikaona mahali pa kurudisha kila kitu kama mwanzo. Nikasema naam, ndipo ninapopataka, mwanzo, ulipokuwepo. Nikabonyeza. Kumbe mwanzo wa mashine ni kabla yako. Kipeuo, digrii, kugawanya, na ile yangu, zote zikaondoka palepale. A ikarudi kuwa a.

Vipeuo vya Mwalimu nikavichora kwa peni, kimoja kimoja. Akapokea karatasi, akasoma, akavua kofia.

"Mjomba, huu mtihani mbona umeshasahihishwa? Kila swali lina alama ya vema!"

Walicheka mpaka wa duka la jirani. Nami nikacheka, ningefanyaje? Sasa Mwalimu anachapisha kwa yule kijana wa stendi, na walimu wenzake wamemfuata. Mama Shadya hajanilaumu. Juzi tu aliniamkia, akasimama pale mlangoni. "Mjomba, nifungashe nirudi Lupaso kwa mama, au nisubiri?" Nikamwambia subiri, mama. Issa, sijui nimemwambia asubiri nini. Nakaa mbele ya kioo chako kutwa, nabonyeza hiki, nabonyeza kile, hakuna kinachoitika.

Nakuahidi hivi. Jumatatu nitakwenda stendi kwa yule kijana. Ni mtoto kwangu, lakini shikamoo nitaanza kumpa mimi, aniambie wewe ulifanyaje. Duka likifungwa, litafungwa nikiwa nimekwisha kupiga magoti. Pumzika, mpwa wangu. Mama Shadya na binti yako wapo mikononi mwangu, hivi ilivyo mikono yenyewe.

Jambo moja tu, na usiwaambie wenzako huko. Yale maandishi madogo juu ya vitufe siyaoni. Siku zote nabahatisha. Hata ile a, nilikuwa natafuta kingine. Jana nimenunua miwani ya kusomea mnadani, imebaki ya kike tu, ina maua mekundu pembeni. Nimeivaa hapa ninapokuandikia, na mlango nimeufunga kwa komeo.

Mjomba wako.