Shati Lako Lilibaki Mikononi Mwangu

Mpendwa Baba Kulwa,

Unakumbuka tulipokwenda Sengerema kumwona shangazi yako, mbuzi wa mtu akatumbukia ziwani pale kivukoni? Ulijitosa na viatu. Mbuzi aliogelea vizuri kuliko wewe! Wavuvi wakawavuta nyote wawili, nami nikakutania, "Wewe hata mbuzi akilia unaitika." Ukacheka huku unatapika maji. Nilikupenda siku ile kuliko hata siku ya ndoa.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyokuondoa. Uliacha pamba ukafuata dhahabu, kama nusu ya wanaume wa Misungwi waliposikia kwamba kuchimba sasa ni ruksa. Mdogo wako alishuka shimoni na mashine ya kuvuta maji kwa kuwa mpira wa maji ulikuwa mfupi, haukufika chini. Moshi ukajaa, akanyamaza. Nilikuwa nimewaletea uji. Ulipotaka kumfuata nikakushika shati, likabaki mikononi mwangu. Tulizika wawili.

Juzi alikuja bwana mmoja kutoka mjini, anauliza wachimbaji wafundishwe nini kuhusu usalama na uokoaji. Wakataja baruti, wakataja ngazi. Kuhusu kuokoana, kimya. Unaujua mwiko wenu: kifo hakitajwi karibu na shimo, dhahabu itakimbia. Nikasimama nikalitaja jina lako.

"Mama Kulwa, unatufukuzia mali!"

"Mali gani? Bwana, wafundishe kungoja. Mwenzao akianguka chini, wa juu asimfuate hivihivi."

Akaahidi kurudi mvua zikikatika.

Hazijakatika. Shimo limejaa maji, na leo hao pacha wako, uliokuwa ukiwabeba wote mabegani, wameteremsha mashine. Mpira bado mfupi. Nilimkataza Kulwa, akasema hii ni mpya, haina moshi mwingi. Yeye yuko chini, Doto yuko juu na kamba. Nikamsihi Doto, "Mwenzako akinyamaza, piga yowe, usishuke."

Akaniangalia kwa macho yako. "Mama, ni Kulwa huyo. Nitamwachaje?"

Nikarudi ndani kukuandikia. Naogopa, mume wangu. Nimeacha mlango wazi nisikie. Mashine inanguruma, na juu yake sauti ya Kulwa, maana haachi kuimba akiwa kazini.

Ameacha kuimba.

Nakimbia. Safari hii sishiki shati, namshika Doto kiunoni. Lala, Baba Kulwa, na tafadhali usimwite mtu.

Ni mimi mkeo,
Mama Kulwa na Doto